Mtoto Aliye Peke Yake Kituoni



Leo tunaanza na habari ya mbali. Nje ya kituo cha treni cha Liverpool Street, jijini London, pamesimama sanamu ya shaba nyeusi iliyowekwa mwaka 2006. Inaonyesha watoto watano pamoja na mizigo yao, na nyuma yao kipande cha reli. Hakuna mtu mzima kati yao. Abiria huwapita kila siku wakienda kazini, nao watoto wangali wanangoja.

Watano hao wanawakilisha wenzao wapatao 10,000, wengi wao Wayahudi, waliopelekwa Uingereza bila wazazi, tangu Desemba 1938 hadi vita vilipozuka Septemba 1939, ili waepushwe na utawala wa Hitler. Wengi walisafiri kwa treni hadi pwani ya Uholanzi, wakavuka bahari kwa meli, kisha wakapanda treni tena hadi London. Wengi hawakuwaona tena wazazi wao. Mchongaji wa sanamu hiyo, Frank Meisler, alikuwa mmoja wao: aliondoka Danzig, ambayo leo ni Gdańsk nchini Poland, mwaka 1939. Wazazi wake waliuawa Auschwitz. Baadaye aliweka sanamu nyingine kwenye njia ile ile, zikiwemo za Berlin, Gdańsk na Hoek van Holland.

Kwa nini tunayasimulia haya hapa mpakani? Kwa sababu watoto wale walivuka wakiwa wameandikwa majina, na ng'ambo palikuwa na watu wa kuwapokea. Mtoto asiyeandikwa popote hupotea kwa urahisi, na mwenye nia mbaya humtafuta wa namna hiyo hiyo.

Basi tunawaomba. Mkimkuta mtoto peke yake kwenye stendi au kivukoni, msimpite. Mpeni maji na mahali pa kukaa. Mwulizeni kwa upole, kwa lugha aijuayo, jina lake, kwao, na aliyemwacha hapo. Msimkabidhi kwa mtu yeyote anayedai ni ndugu yake kabla hajathibitishwa. Mwiteni kiongozi wa kijiji, kisha mleteni kwetu pamoja.

Tunafahamu kwamba wapo wanaosita kuja kituoni, wakihofu kwamba mtoto atafungiwa au wao wenyewe watashukiwa. Hofu hiyo haikuzuka bure, na ni wajibu wetu kuiondoa kwa matendo. Mtoto aliyevuka mpaka peke yake si mhalifu. Ni mtu anayehitaji ulinzi. Anayemleta naye ni msaidizi wetu, wala si mtuhumiwa.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Wetu ni mmoja. Tunauomba wa kwenu.