Maji Kwanza, Ratiba Baadaye: Kupanga Safari ya Hifadhi ya Taifa Katavi

Mada kwa semina ya waandaaji wa safari na waongoza watalii

Utangulizi



Wengi wetu tumejifunza kazi katika mzunguko wa utalii wa kaskazini. Huko mgeni akisema ana siku tatu, tunampangia siku tatu. Gari likigoma, fundi hupatikana. Mazoea hayo hayafai Katavi, hifadhi ya magharibi mwa Tanzania iliyotangazwa mwaka 1974, yenye kilometa za mraba 4,471 na wageni wachache sana. Hoja yangu ni kwamba huko mpango huanzia kwenye maji. Ukishajua maji yako wapi na mwezi gani, utajua pia barabara zitakuwaje, wanyama watakuwa wapi na mgeni alale siku ngapi.

Kuchagua mwezi

Mvua hunyesha takriban Novemba hadi Aprili. Mto Katuma hufurika, mabonde ya Ziwa Katavi na Ziwa Chada hujaa, na udongo mweusi wa mbugani hunasa magari. Wanyama nao husambaa kwenye misitu ya miombo, kwa kuwa maji yapo kila mahali. Kipindi hicho ni kizuri kwa mpenda ndege mwenye subira, si kwa familia inayotaka kuona simba kwa siku mbili.

Kuanzia Juni mambo hugeuka. Kufikia Septemba na Oktoba Katuma hubaki madimbwi, na viboko kwa mamia hubanana kwenye tope moja. Mamba hujichimbia kwenye mapango ya kingo, nyati huja kwa makundi makubwa, na simba hawakai mbali nao. Lakini mgeni aambiwe mapema: kuna jua kali, vumbi na harufu, na viboko hupigana hadi kuuana. Asiyeandaliwa kwa hayo ataona ameuziwa mateso.

Kufika na kukaa

Njia ni tatu: ndege ndogo hadi uwanja wa Ikuu ndani ya hifadhi, treni ya tawi la Kaliua hadi Mpanda, au barabara kupitia Tabora, au Mbeya na Sumbawanga. Kwa anayetumia nchi kavu, siku za kwenda na kurudi zisihesabiwe kuwa za utalii. Napendekeza usiku usiopungua tatu hifadhini, na siku moja ya akiba kabla ya kuunganisha safari nyingine. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, hivyo saa ya kufika getini Sitalike ina maana kifedha. Shughuli za malipo zimalizwe Mpanda, penye mtandao wa uhakika.

Mzigo na usalama

Mafuta yajazwe Mpanda. Gari libebe matairi mawili ya akiba, pampu, koleo, kamba ya kuvutia na maji ya kunywa ya kuzidi siku zilizopangwa.

Mbung'o wa Katavi ni wakali. Huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mwambie mgeni avae kaki au kijivu hafifu kabla hajafunga begi. Kinga ya malaria aizungumze na daktari wake. Hema lisipigwe kwenye mapito ya viboko, maana usiku hutoka majini kwenda malishoni. Matembezi ya miguu yafanyike na askari mwenye silaha pekee.

Wajibu wetu kwa mto

Katuma huingia hifadhini ukiwa umepita mashamba, yakiwamo ya mpunga unaomwagiliwa. Maji yakizuiwa juu, dimbwi la viboko hukauka mapema na kiangazi tunachokiuza huharibika. Mkulima naye ana watoto wa kulisha. Hatuwezi kumwomba aache maji yapite huku fedha za utalii zikimruka angani kwenda Ikuu. Tununue vyakula na kuajiri waongozaji Mpanda na Sitalike, na tukae katika vikao vya watumiaji maji.

Maswali ya majadiliano

1. Je, tuko tayari kumkatalia mgeni anayetaka Katavi mwezi Machi kwa matarajio ya Septemba?
2. Sehemu gani ya bei ya safari ibaki vijijini, na nani aisimamie?
3. Magari ya kampuni mbalimbali yatasaidianaje pale moja linapokwama?