Kuwafundisha Watoto Wadogo Habari za Watu Wanaotusaidia
(Maneno kwa waalimu na wazee wa Ngara na Biharamulo)

Neno tulilokuja nalo ni dogo kwa umbo, nalo ni namna ya kuwafundisha watoto wa darasa la awali na wa darasa la kwanza habari za kijiji chao na za watu wanaowasaidia. Pengine mtu atauliza, je, hilo nalo ni la kukusanyia watu wazima? Twamwomba astahimili kidogo.

Mara nyingi somo hili hufundishwa kwa picha. Mwalimu hutundika ukutani picha ya askari, ya mganga, na ya zimamoto mwenye gari jekundu, na watoto huyaimba majina yao kwa pamoja. Kuimba si vibaya. Lakini mtoto wa Bugufi, akaaye mlimani kati ya migomba, gari lile huenda hajaliona hata siku moja. Jiko la kwao likishika moto, wanaokuja mbio na ndoo za maji ni jirani. Je, katika picha zile jirani yu wapi? Hayumo. Mkunga hayumo, wala mwenyekiti wa kitongoji. Basi mtoto hutoka darasani akidhani kwamba msaada ni kitu cha mjini, nao huja kwa gari.

Liko jambo baya kuliko hilo, nalo twalifanya sisi wazazi nyumbani. Mtoto akilia usiku twamwambia, "Nyamaza, ama nitamwita mganga akuchome sindano." Akikataa kula twamwambia askari yuko mlangoni. Twataka kunyamaza kwa saa moja, na bei yake ni hofu ya miaka mingi. Mtoto huyo akiumia, atajificha asionwe na yule yule awezaye kumponya.

Kwamba hili si jambo la mchezo, watu wa Biharamulo wanajua. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeonekana katika wilaya hiyo. Hata ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 13 Machi, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10: wawili walithibitishwa kwa vipimo, na wanane walidhaniwa kwa dalili na habari zao. Wote 10 walikufa. Asili ya virusi vyake ni popo walao matunda. Kisha hupita toka mtu hata mtu kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa, na hata ya maiti. Wakati ule hapakuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Njia ya kuuzuia ilikuwa kumtambua mgonjwa mapema, kumtenga, kumzika aliyekufa kwa uangalifu, na kuwaangalia wote waliomgusa kwa muda wa siku 21.

Kuwaangalia huko maana yake ni kwenda nyumba kwa nyumba, siku baada ya siku, na kuuliza: nani alimlisha mgonjwa, nani alilala naye chumba kimoja, nani alifua shuka. Mambo kama haya pengine mtoto ayajua kuliko baba yake, maana yeye ndiye atumwaye maji na kikombe. Sasa fikirini mtu anaingia uani amevaa vazi la kumfunika toka utosini hata nyayo, macho yake yaonekana kwa mbali nyuma ya kioo. Mtoto asiyeambiwa kitu atakimbilia migombani. Aliyekwisha kuambiwa shuleni kwamba ndani ya vazi lile yumo muuguzi, naye avaa hivyo ili asiugue na asiwaambukize wengine, huenda akaogopa bado, lakini atasimama na kujibu. Tena afahamu kwamba mwenye kusaidia naye ni mtu wa kuumia. Marburg ilipotokea Bukoba mwaka 2023 walikufa watu sita, na mmoja wao alikuwa mhudumu wa afya.

Basi afanyeje mwalimu? Kwanza awapeleke watoto zahanati siku ambayo hakuna mtoto wa kuchomwa sindano. Waone mizani, waone mahali pa kunawa mikono, wamsikie muuguzi akitaja jina lake. Kisha awafanyie zoezi la ujumbe: "Bibi ameanguka, hasemi. Wewe uko peke yako nyumbani. Utakwenda kwa nani, nawe utasema nini?" Kila mtoto ajibu kwa habari za nyumba yake mwenyewe, maana jirani wa huyu si jirani wa yule. Ajibu kwanza kwa Kihangaza, au Kishubi, au Kisubi, kama ndiyo lugha ya kwao, kisha kwa Kiswahili. Mtoto mwenye hofu husema lugha ya mama yake.

Hapa twaongeza onyo. Tusiwafundishe watoto kumwamini kila avaaye sare, wala kila ajiitaye mjomba. Mtu mzima amwambiaye mtoto, "Hili usimwambie mama," huyo hasaidii, hata akiwa na cheo. Mtoto ajue watu watatu wa kuwaendea, na wakubwa wa nyumba waijue namba 116 ya simu ya kuwasaidia watoto.

Wazee wa Ngara, kwenu tuna ombi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia mauaji ya Rwanda, na kambi ya Benaco ikaota mahali palipokuwa pori. Wageni wakawazidi wenyeji kwa hesabu. Walikuwapo watu wa Msalaba Mwekundu na wa Umoja wa Mataifa, na kazi yao yajulikana. Lakini walikuwapo ninyi pia. Watoto wa leo hawajui. Njoni darasani mmoja mmoja mwaeleze mliyoyaona, pamoja na yaliyowachosha: miti iliyokatwa kwa kuni, na maji yaliyopungua. Msiyafiche hayo, maana kusaidia kuna gharama, na mtoto wa miaka sita aweza kulifahamu hilo akielezwa taratibu.

Si lazima kuja na maandishi. Mwalimu atamtuma mtoto mmoja aje kuwaita nyumbani, naye atawachukulia kigoda.