Ukiacha Pombe, Tazama Sahani Yako

(Maneno ya hotuba ya kamati ya afya, iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Nyeri)



Kamati imetuagiza tuseme juu ya jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Katika sehemu zetu za Mlima Kenya, kuacha pombe kumehubiriwa sana, makanisani, barazani na kazini. Lakini mtu akiisha kuacha, ale nini? Na mwili wake utakuwaje? Hapo wengi huachwa peke yao, na hapo ndipo wengi hurudi nyuma.

Sababu za kuacha twazijua sote. Mwezi wa Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu wengi Embu, Kiambu na kwingineko, na wengine wakapofuka. Februari 2024 msiba wa pombe ukaangukia Kangai, Kirinyaga. Leo twasema na yule aliyekwisha kuamua, na jamaa zake, na wenzake wa kazi.

ONYO LA KWANZA

Kabla ya habari ya chakula, sikieni hili. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, anayetetemeka asubuhi mpaka apate kinywaji, asiache ghafla akijifungia nyumbani. Katika siku 2 au 3 za mwanzo aweza kushikwa na kifafa, au kuchanganyikiwa akili, hata kufa. Aende hospitali kwanza, iwe ni Nyeri, Karatina, Kerugoya, Nanyuki au Embu, aachishwe chini ya mkono wa daktari. Asiyejua aanzie wapi apige simu bure kwa NACADA, nambari 1192.

Tena, tumbo lililovimba huku mikono na miguu imekonda, au macho yamekuwa manjano, hicho si kitambi. Huenda ni ini. Dawa yake si kujinyima chakula, ni kuonana na daktari upesi.

KWA NINI MWILI HUBADILIKA

Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa kalori. Gramu 1 ya sukari au wanga ina kalori 4. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9. Na gramu 1 ya pombe yenyewe ina kalori 7, karibu na mafuta. Bia ya nusu lita ina kalori kama 200. Chupa ya robo lita ya pombe kali ina kalori zaidi ya 500. Basi mtu aliyekunywa bia 4 kila jioni alikuwa akiingiza kalori 800 hivi, nazo hazina nyama, hazina maharagwe, wala hazina mboga. Ni moto wa makaratasi: unawaka sana, haupiki kitu.

Kwa hiyo walevi ni wa namna 2. Kuna yule aliyekula nyama choma pamoja na bia, akaota kitambi. Na kuna yule aliyekunywa kali bila kula, akakonda hata shati likawa lamning'inia. Wote wawili wakiacha, njaa yao huamka. Yule aliyekonda ataongeza kilo, na hiyo ni afya yarudi, tusimcheke. Lakini kama alikaa siku nyingi bila chakula, aanze kwa kidogo kidogo, uji na chakula laini, naye daktari amtazame, maana sahani kubwa ya ghafla yaweza kumdhuru. Yule mwenye kitambi, asipoangalia, atazidi kunenepa, kisha ugonjwa wa sukari na presha vitampata hali ameshika njia njema.

SAA 11 JIONI

Ile sheria ya pombe ya 2010, ambayo watu waliiita sheria ya Mututho, iliweka baa zifunguliwe saa 11 jioni siku za kazi. Tazameni saa hiyo. Ndiyo saa mchuma majani anapotoka Othaya amechoka, fundi wa jua kali anafunga zana, utingo ameshinda kutwa kwa chai na mandazi. Ni saa ya njaa. Na mtu aliyezoea pombe, akiona njaa, moyo humwambia ni kiu ya pombe. Hajui kuzitenga, kwa sababu kwa miaka mingi alizijibu kwa chupa moja.

Hili ndilo jambo kubwa tulilotaka kuwaambia leo: aliyeacha pombe asiifikie saa 11 akiwa na njaa. Ale asubuhi kabla ya kazi. Ale mchana chakula kilichopikwa. Tena achukue kitu mfukoni cha saa 10, ndizi mbivu, au nduma ya kuchemsha, au njugu kiasi cha konzi. Akishakula, ile kiu aliyoidhani ni ya pombe mara nyingi hupungua. Asiyekula, hata awe na ahadi kumi, atapita mbele ya mlango wa baa akiwa mnyonge.

SUKARI ISICHUKUE KITI CHA POMBE

Wengi walioacha pombe hutamani sana vitu vitamu. Siku za kwanza tusiwabane sana. Afadhali peremende kuliko kali. Lakini mazoea hayo yasikae. Soda ya nusu lita ina sukari gramu 50 hivi, yaani vijiko vidogo 12, na kalori zake ni kama 200, sawasawa na ile bia. Aliyekunywa bia 4 akageukia soda 4 ameponya akili na mfuko kidogo, lakini kwa upande wa kitambi amehamisha mzigo kutoka bega hili hadi lile.

Na chai yetu? Majani yatoka kwenye miteremko yetu wenyewe, lakini vikombe 4 kwa siku, kila kimoja vijiko 3, ni vijiko 12 vingine. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi moja ya kumi ya kalori za siku, na kwamba vijiko 6 hivi kwa siku ni bora zaidi. Basi punguza kijiko 1 kwa kila kikombe wiki hii, na kingine baada ya wiki 2. Ulimi huzoea.

SAHANI YENYEWE

Hatuwaambii mnunue chakula cha kigeni. Soko la Karatina lina kila kitu. Gawa sahani yako hivi: nusu iwe mboga, kama terere, managu, sukuma wiki, kabichi na karoti; robo iwe ugali, viazi au ndizi; robo iwe maharagwe, ndengu, mayai au nyama. Githeri ni chakula chema, maana maharagwe na mahindi hukaa tumboni kwa muda mrefu, mradi usimimine mafuta mengi. Mukimo pia ni chema, lakini usijenge kilima.

Pombe nyingi hunyang'anya mwili vitamini B1, ambayo mishipa ya fahamu yaihitaji. Hupatikana katika maharagwe, njugu, na unga uliosagwa pamoja na maganda yake. Chipsi, mandazi na chapati za mafuta ziwe za siku mojamoja, si za kila siku.

Wala usijinyime kula ili upungue upesi. Miezi ya kwanza, ushindi ni kutokunywa. Kilo zitafuata baadaye. Anayerudi kwa pombe ili apunguze mwili ameuza shamba anunue jembe.

KIPIMO NA MIGUU

Kipimo ni rahisi. Chukua futi ya fundi cherehani, upime kiuno chako. Kisizidi nusu ya urefu wako. Mtu wa sentimita 170, kiuno chake kisipite 85. Pima mara 1 kwa mwezi, si kila asubuhi. Mchuma majani hutembea vya kutosha, lakini dereva, karani na bawabu hukaa sana. Hao watembee kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa juma. Shuka matatu steji 1 kabla ya nyumbani, hasa kama hiyo steji ya kawaida ina baa. Na msidanganywe na baridi ya Julai: pombe haimpi bawabu joto, hulitoa mwilini likapotea. Uji moto ndio blanketi.

KAZI YA CHAMA

Ndugu, mtu mmoja hawezi kuyatenda haya peke yake. Twaomba mambo 4. Moja, wajumbe wetu wadai kwa waajiri chakula cha moto cha mchana na muda wa kukila. Pili, katika mikutano yetu chai ipikwe bila sukari, sukari ikae kando, kila mtu ajitilie. Tatu, siku ya mshahara wenzake wamsindikize aliyeacha mpaka sokoni, kisha nyumbani. Nne, tuache mzaha. Usimwambie mwenzako "umekuwa mnene kama mwenye baa," wala usimnunulie "moja tu." Neno moja la kicheko laweza kubomoa kazi ya mwaka.

Nanyi jamaa wa nyumbani, mliosubiri miaka mingi mtu huyu arudi mapema, mpeni chakula mapema. Sufuria iliyo tayari saa 12 jioni hufanya kazi ambayo hotuba hii haiwezi.

Umoja ni nguvu.