Kibla Baharini na Dira ya Elektroniki

Tumeulizwa baada ya tarawehe kuhusu kibla baharini. Wazee wetu walipoondoka Unguja kwa jahazi, kibla chao kilikuwa karibu kaskazini kamili. Walipofika Maskati kimeshageukia magharibi. Wao walitazama nyota. Sisi tunategemea dira ya elektroniki, nayo husoma usumaku wa dunia, basi hupotoshwa na chuma, injini, hata spika iliyo jirani. Kabla ya safari tuichague hali ya kuisahihisha, bahari ikiwa shwari, tuizungushe mashua taratibu duara kamili, mbali na gati na meli. Kifaa cha chuma kikihamishwa karibu nayo, turudie. Na simu tunazoziuliza kibla zikae mbali: zina sumaku ndani.