Shahada Inayosomewa Kazini: Njia ya Kupata Wataalamu wa Usikivu Rusizi

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wahudumu wa afya, Kamembe, Wilaya ya Rusizi



Tarehe 3 Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa Ripoti ya Dunia kuhusu Usikivu. Ripoti hiyo ilisema kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kwamba milioni 430 kati yao wanahitaji huduma ili waweze kuishi, kusoma na kufanya kazi kama wengine. Takwimu iliyonigusa zaidi inahusu wahudumu wenyewe: katika kila nchi 100 za kipato cha chini, 93 hazina hata mtaalamu mmoja wa usikivu kwa kila watu milioni moja. Sensa ya 2022 inaonyesha kwamba wilaya yetu inakaribia watu laki tano. Ukiunganisha Rusizi na Nyamasheke hufikishi milioni. Kwa hiyo, tukingoja kiwango hicho kitufikie, wilaya hizi mbili kwa pamoja zitabaki bila mtu.

Hata hivyo masikio yanatibiwa. Anayeyatibu ni muuguzi wa kituo cha afya ambaye hakusomea masikio. Mama anamleta mtoto mwenye usaha unaotoka sikioni. Muuguzi anatazama, anasafisha, anatoa dawa. Usaha ukirudi mara ya tatu anaandika rufaa kwenda hospitali ya Gihundwe au ya Mibilizi, na kutoka huko pengine rufaa nyingine kwenda hospitali ya chuo kikuu kule Huye, au Kigali, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Bima ya afya ya mutuelle inasaidia gharama za matibabu, lakini nauli ya kukata msitu wa Nyungwe, chakula na mahali pa kulala ni juu ya familia. Rufaa nyingi huishia ndani ya kitenge cha mama, zimekunjwa vizuri, hazijasomwa na daktari yeyote.

Hoja yangu ni moja. Mtaalamu wa usikivu tunayemhitaji Rusizi tayari yuko Rusizi. Ni yule muuguzi. Kinachokosekana ni njia ya kumfikisha kwenye shahada bila kumwondoa kwenye kituo, na njia hiyo ipo: shahada inayosomewa kazini.

Tulikwisha kuionja

Wengi wenu humu mlianza kazi na A2, cheti cha uuguzi cha ngazi ya sekondari. Mnakumbuka miaka ambayo serikali iliamua kwamba muuguzi awe na A1, yaani stashahada, kwenda juu, na hofu iliyotushika: nani atabaki kituoni sote tukienda shule? Jibu lilikuwa kusoma kwa kompyuta, huku shule za uuguzi zikituita kwa vipindi vifupi vya ana kwa ana. Kenya ilikuwa imetangulia. Mwaka 2005 shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walianzisha masomo ya masafa kwa maelfu ya wauguzi wa ngazi ya cheti, kwa sababu kuwaingiza wote madarasani kungechukua miaka isiyohesabika na kungefunga zahanati. Kenya hiyohiyo ina Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986. Walimu walio kazini wamesoma huko kwa masafa, wakijifunza kuwafundisha watoto wenye ulemavu, wakiwemo viziwi, kisha wakarudi kwenye shule zao.

Naheshimu sana kazi hizo. Lakini zina pengo ambalo hatuwezi kulivumilia kwenye masikio. Katika masomo mengi ya masafa, kazi na shule hukaa mbalimbali: mchana unahudumia wagonjwa, usiku unasoma moduli, na mtihani haukuulizi lolote kuhusu mgonjwa wa mchana. Shahada ya kazini yenyewe hupata alama zake kutoka kwa kazi. Mgonjwa uliyempima Jumanne, ukaandika ulichoona, ukaeleza kwa nini uliamua hivyo, msimamizi akakukagua na kukusahihisha, huyo ndiye somo lako na ndiye sehemu ya mtihani wako.

Uingereza wamekwenda mbali katika jambo hili. Kuna shahada ya awali ya miaka miwili ya kupima usikivu na kufunga vifaa vya kusaidia kusikia. Chuo Kikuu cha De Montfort kule Leicester na Chuo Kikuu cha Aston kule Birmingham vimeifundisha kwa watu walio kwenye ajira. Anayefuzu husajiliwa na baraza la taaluma na anaweza kuendelea hadi shahada kamili. Juu zaidi, hospitali za umma zina mafunzo ya miaka mitatu ambayo mtu analipwa mshahara, anafanya kazi, na anasoma shahada ya uzamili kwa wakati huohuo. Marekani nayo, taaluma ilipoanza kudai shahada ya udaktari, wapimaji waliokuwa kazini tayari hawakutupwa: vyuo viliwafundisha kwa masafa na kuuhesabu uzoefu wao.

Kwa nini taaluma hii hasa

Kazi ya usikivu iko mikononi na masikioni mwa anayeifanya. Unaweza kusoma kuhusu kiwambo cha sikio miezi mingi, lakini siku ya kwanza kushika otoskopu kwa mtoto anayelia ndipo unapojua kwamba mkono wako lazima uegemee shavu lake, ili akigeuka ghafla chombo kigeuke naye. Kupima kwa odiometa kunataka subira ya kushuka desibeli 10 mgonjwa anapoitikia na kupanda 5 anaponyamaza, hadi upate mahali sauti inapoanza kusikika. Kunataka pia ujue wakati wa kulishughulisha sikio zuri kwa mvumo, lisije likajibu kwa niaba ya lile bovu. Halafu kuna kuchukua umbo la sikio kwa ajili ya kifaa, kukirekebisha kifaa chenyewe, na, gumu kuliko yote, kukaa na mzee aliyekichukia kifaa kwa sababu sasa anasikia masufuria kuliko anavyowasikia wajukuu wake. Mambo haya hujifunzwa kwa kurudia mbele ya mtu anayeyajua. Chuo kinaweza kuyaanzisha tu.

Na Rusizi ina mengi ya kujifunzia, labda kuliko mnavyodhani. Bugarama kuna kiwanda cha saruji, kuna mashine za kukoboa mpunga, na kwenye mto Rusizi kuna mitambo ya umeme. Mjini Kamembe mafundi wa kuchomelea na maseremala wanafanya kazi kutwa bila kuziba masikio. Sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndiyo mpaka ambao Shirika la Afya Duniani linauona salama, na mashine nyingi za kukata mbao huuvuka mpaka huo kwa mbali. Mwanafunzi wa kazini anaweza kuwapima mafundi wa karakana moja leo, akawafundisha kuvaa viziba masikio, akawapima tena mwaka unaofuata. Hiyo ni tasnifu, na wakati huohuo ni huduma.

Wodini nako kuna kazi. Mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu huokolewa kwa dawa, mojawapo ikiwa jentamisini. Tunashukuru anapona, lakini jentamisini inaweza kuharibu sikio la ndani, na mara chache sana tunamwita mama arudi kupimiwa mtoto usikivu. Wataalamu wa dunia wanashauri mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Mama wa Rwanda huja kituoni kwa chanjo katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na huja kweli. Wiki ya 6 imepita kidogo ule mwezi mmoja, lakini ni nafasi tuliyo nayo mkononi. Muuguzi mwenye kifaa kidogo cha kusikiliza mwitikio wa sikio la ndani anaweza kumpima mtoto akiwa usingizini mgongoni mwa mama yake.

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kumpima mtu kama anasikia mlio ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumpima kama anaelewa maneno. Hapo unahitaji orodha ya maneno ya lugha yake, yaliyopangwa vizuri na kurekodiwa kwa sauti safi. Kinyarwanda ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, kwa hiyo orodha iliyotafsiriwa tu kutoka Kifaransa haitufai. Wagonjwa wetu wa Kamembe na Bugarama wengine ni watu wa Kiswahili, na wanaovuka mpaka kutoka Bukavu, Kongo, huja na Kimashi pia. Nani atatengeneza orodha hizo na kuzijaribu? Mwanafunzi aliye Leicester hawezi. Aliye Kigali ataweza kwa shida. Muuguzi wa Rusizi anayewasikia wasemaji hao kila siku anaweza, na kazi yake itatumika hadi Uvira, Kongo, na Cibitoke, Burundi.

Yanayotukwaza

Gumu la kwanza ni msimamizi. Mtu hawezi kujisimamia mwenyewe, na wataalamu ni wachache. Napendekeza usimamizi wa pande mbili: daktari wa masikio, pua na koo wa hospitali ya rufaa awe na siku maalumu za kuja huku, na katikati ya siku hizo kazi ikaguliwe kwa mbali. Otoskopu yenye kamera inampa msimamizi picha ya kiwambo kilekile anachokiona mwanafunzi. Vipimo vya simu, kama vile vilivyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria, huhifadhi matokeo pamoja na kiwango cha kelele kilichokuwepo chumbani, kwa hiyo anayekagua anajua kama kipimo kinaaminika.

Kelele ni jambo zito hapa. Chumba cha kituo cha afya kiko kando ya barabara, paa ni la bati, na mvua ya Rusizi ikianza hakuna mlio wa desibeli 20 utakaosikika. Hatuhitaji kusubiri chumba cha kifahari. Chumba cha ndani chenye mapazia mazito, ratiba ya asubuhi kabla ya foleni, na vipokea sauti vinavyofunika sikio vizuri vitatufikisha mbali. Odiometa nayo ipelekwe kurekebishwa kila mwaka. Odiometa isiyorekebishwa hudanganya kwa utulivu kabisa, na mgonjwa ndiye anayebeba uongo huo.

Muda ndio utakaotuvunja tusipoulinda. Uingereza ilipoanza kutoza waajiri wakubwa kodi ya uanagenzi mwezi Aprili 2017, kanuni ilimtaka mwanagenzi apewe asilimia 20 ya saa zake za kazi kwa ajili ya mafunzo: siku moja kati ya tano, kwa mshahara kamili. Sisi tukimwambia muuguzi asome baada ya zamu, tutampata aliyechoka, hasa akiwa mwanamke anayerudi nyumbani kwenye jiko na watoto. Atafeli, nasi tutasema hakuwa na bidii. Siku hiyo ya tano iandikwe kwenye mkataba, na iwe na mtu wa kumshikia zamu.

Na akimaliza? Cheo chake kibadilike. Baraza la taaluma za afya shirikishi limtambue kwa kazi anayofanya, na nafasi iwepo kwenye muundo wa hospitali ya wilaya. Nchi iko katika mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne, ulioanzishwa mwaka 2023. Huu ndio wakati wa kudai masikio yahesabiwe humo.

Kwa hiyo naomba semina hii itoke na mambo haya mezani. Gihundwe na Mibilizi kila moja itaje wauguzi wawili wa kuanza nao, wenye angalau A1 na wanaopenda kazi hii. Uongozi wa wilaya uandike barua kwa Chuo Kikuu cha Rwanda, kitivo cha tiba na sayansi za afya, kuomba mtaala wa kazini uandaliwe pamoja nasi, ukihesabu uzoefu walio nao. Kabla chuo hakijajibu, tuanze daftari la masikio katika kila kituo: umri wa mgonjwa, sikio gani, tumeona nini, tumempeleka wapi, na kama alifika. Safu hiyo ya mwisho naomba isiachwe wazi.