Kamba wa Ungwana na Msitu wa Kaptagat: Kufunga Upande Mmoja Hakutoshi

Hotuba kwa wanachama wa jumuiya za misitu, Kaptagat



Huenda wengine wanajiuliza kamba wamefikaje Kaptagat. Si kamba ya kufungia ndama. Ni kamba wa baharini, yule anayeuzwa bei ghali hotelini. Anavuliwa sana katika Ghuba ya Malindi-Ungwana, iliyo kati ya kaunti mbili, Kilifi na Tana River, kama msitu huu ulivyo kati ya Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet.

Kamba hajui mpaka. Hutaga mayai baharini, lakini wachanga huingia kwenye mikoko na midomo ya mito kujificha na kukua, kisha hurudi baharini wakiwa wakubwa. Anayezoa wachanga kwenye vijito vya Tana anamnyima riziki mvuvi wa Malindi ambaye hata hajawahi kumwona.

Kwa miaka mingi meli za kukokota nyavu zilisogea karibu na ufuo. Zilirarua nyavu za wavuvi wadogo, zikanasa kasa, na samaki wengine wakatupwa wakiwa wamekufa. Malalamiko yalizidi, na mwaka wa 2006 zikasimamishwa. Zilirudi mwaka wa 2011, baada ya mpango wa usimamizi wa uvuvi wa kamba wa 2010 kuweka masharti: meli zikae mbali na ufuo, zaidi ya maili 3 za baharini, zivue mchana pekee, na zisivue kabisa kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi.

Tazameni aliyefungiwa. Mzigo mzito ulimwangukia mwenye meli, si mwenye mtumbwi. Huku juu mambo mara nyingi huwa kinyume: sehemu ya msitu ikifungwa ili miche ikue, wa kwanza kuumia ni mama mwenye ng'ombe mmoja. Mwenye kundi kubwa hununua nyasi, maisha yakaendelea.

Hata hivyo mpango wa pwani una tundu lake. Nyavu za macho madogo zikiendelea kuzoa wachanga mitoni, meli zitakaa bandarini miezi mitano na ghuba isinufaike vya kutosha.

Tundu kama hilo liko Kaptagat. Sehemu ikifungwa Uasin Gishu peke yake, mifugo huvushwa ng'ambo, na miche ya jirani ndiyo huliwa. Ikifungwa Elgeyo Marakwet peke yake, ni vilevile. Na hasara haibaki kwa wafugaji. Mto Ellegirini unaanzia huku na kulisha mabwawa yanayonywesha Eldoret. Mkazi wa Langas anayefungua mfereji jioni yumo katika hesabu hii. Maji ya upande wa mashariki huteremka Bonde la Kerio.

Sheria ya misitu ya 2016 inazipa jumuiya nafasi ya kusimamia msitu pamoja na Shirika la Misitu. Basi jumuiya za pande zote mbili zikutane kabla ya mvua ndefu, zikubaliane sehemu zipi zifungwe, tarehe ile ile pande zote, na nani atalinda. Lakini kabla ya tarehe yoyote kutangazwa, ijulikane kwanza yule mama mwenye ng'ombe mmoja atakata nyasi wapi, siku gani, na kwa ada ya kiasi gani.