Weupe si Wepesi

Wahitimu, nimeitwa kuzungumzia usanifu wa simu janja, na nina kero moja na fani yetu: tumejiaminisha kwamba kioo kitupu ndicho kioo chepesi.

Mwaka 2007, Januari, Steve Jobs alionyesha iPhone. Machi, kampuni ya simu ya Safaricom ikazindua M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu. Ya kwanza ilitufunza urembo wa kupunguza, hata kikokotoo chake kikafuata sura ya kile cha Braun cha mwaka 1987, kazi ya Dieter Rams na Dietrich Lubs. Ya pili ilikuwa menyu ya maneno matupu ndani ya laini, ikifanya kazi hata kwenye simu ndogo ya mulika mwizi: tuma pesa, nambari, kiasi, nambari ya siri. Haikuwa na picha wala rangi, na muuza nyanya wa soko la Kongowea, Mombasa, akaielewa. Mtasema ile haikuwa falsafa, ulikuwa ufukara wa chombo. Nakubali nusu. Ufukara ulikata mapambo, lakini haukuamua lipi litangulie lipi. Hapo pana kichwa cha mtu. Ushahidi wangu ni Hakikisha, hatua iliyoongezwa baadaye ili uone jina la mpokeaji kabla pesa hazijaenda. Mwenye kuabudu upungufu angeifuta, maana inachelewesha. Lakini bila hiyo, tarakimu moja ikikosewa, pesa zishafika kwa mgeni, na kumbembeleza mgeni arudishe ni kazi kuliko hatua yoyote.

Sasa tazameni programu zetu. Vitu havikupunguzwa, vimefichwa: nyuma ya mistari mitatu pembeni, nyuma ya aikoni isiyo na jina, nyuma ya mtelezo wa kidole ambao hakuna aliyeambiwa. Mzigo umehamishiwa kwa mtumiaji. Na hiyo kijivu juu ya nyeupe! Mwongozo wa kimataifa wa WCAG kuhusu ufikivu wa wavuti unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1. Nendeni foleni ya feri Likoni saa saba mchana mwone programu ngapi zinasomeka. Nani aliwaambia wasanifu kwamba watu wote hukaa chini ya kiyoyozi? Mtajibu kuwa vijana wamezoea. Ndiyo, lakini Changamwe simu moja hushikwa na mtoto, mama na bibi, na asiyezoea ndiye humpa jirani nambari yake ya siri amsaidie. Basi mkiajiriwa, andikeni neno chini ya kila aikoni. Bosi akisema linaharibu sura, mpeni simu akasimame nayo juani.